Nyuzi

Mama yangu, mshonaji wa soko la Mwanga,
alinifunza neno hili kwa kidole kilichotobolewa na sindano:
nyuzi. Za kudarizi, za kupindia, za sanda.
Shuleni nikalikuta tena, limebadili nguo:
nyuzi za pembe, nyuzi za joto.
Usiku huu maana zote zimekutana
ndani ya banda la majenereta, Kigoma,
mtambo namba tatu ukinguruma hadi meno yanawasha.

Kila kichwa cha silinda nimekitoboa
tundu lisilozidi punje ya hindi.
Ninayoipima naiziba kwa kidirisha cha yakuti,
na nyuma ya yakuti, uzi wa kioo
unaonyonya mwanga na kuniletea mezani.
Hapo naugawa: wekundu huu kushoto,
wekundu ule, uliokolea zaidi, kulia.
Jicho moja hudanganyika. Huona mwanga mwingi
lisijue ni moto mkali au ni masizi tele.
Mawili huulizana.
Katika uwiano wa hayo mawili hutoka joto,
na joto likishajulikana, masizi hayana pa kujificha.

Fundi Nzohabona haamini uzi.
Miaka ishirini na saba analilisha dude hili,
sikio la kushoto amelizika humu humu.
Huzungumza kwa mikono. Hupitisha kidole
kwenye bomba la moshi, hukinusa,
kisha huinua vidole sita:
silinda ya sita, hiyo ndiyo mgonjwa.
Nguo za mkewe, kambani kule Gungu,
hurudi ndani na vidoa vyeusi.
"Kampuni inanilipa hapa," aliniambia kwenye chai,
"halafu inanitumia risiti nyumbani."

Kipimo cha kwanza kilikuwa upuuzi.
Nyuzi mia tisa! Hata mkaa wa mama lishe ungetucheka.
Tukazima. Mji ukaingia gizani.
Nzohabona akachomoa kidirisha, akaninyooshea:
yakuti imegeuka kaniki.
Nilichokuwa nakitafuta ndicho kilichoniziba jicho.
Akakisugua kwa sabuni ya mawese na pindo la shati,
taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Tukawasha.
Nyuzi tano kabla pistoni haijafika juu, giza.
Nyuzi mbili baada ya kufika, huo:
elfu mbili na mia moja, ulimi mzima wa njano,
kufumba na kufumbua, umekwisha.
Na kinachong'aa ni masizi yenyewe;
pasipo uchafu huo nisingeona kitu.
Moto huyazaa, moto huyala,
na yale yasiyoliwa kabla haujapoa
ndiyo yanayopanda bombani kwenda kwenye mashuka ya watu.
Wahenga walisema penye moshi pana moto.
Hapa moshi ni moto uliokatizwa mlo.

Hadi alfajiri tulikuwa tumepima zote sita,
kuzima na kuwasha, kuzima na kuwasha,
mji ukitutukana kila mara.
Ya sita ni nzima.
Mgonjwa ni ya nne: joto limelegea, masizi mara tatu,
nozeli inadondosha badala ya kupuliza.

Nikadhani atakasirika.
Akavaa miwani, akauchomoa uzi wangu,
akainama na kuweka jicho lake mwenyewe.
Akakaa hivyo muda mrefu,
mgongo ukitikisika pamoja na mtambo.
"Njano," akasema, kwa mdomo, si kwa mikono.
"Miaka yote hii nilidhani ni bluu."

Jina lake, kwa Kiha, maana yake nitapaona.
Kwenye daftari la zamu, safu ya maelezo, aliandika:
Silinda 4. Nozeli. Nimepaona.

Nozeli mpya itakuja kwa treni, Alhamisi,
au Alhamisi nyingine.
Mkewe ameshaambiwa aanike ndani.